Mchezo wa Nyimbo Shuleni: Habari za Umatengo na Pwani ya Ziwa Nyasa

Walimu wenzangu wameniuliza mara nyingi neno moja: Je, yafaa kuwafundisha watoto wa shule mchezo wa nyimbo, maana yake hadithi inayoimbwa na kuchezwa mbele ya watu tangu mwanzo hata mwisho, katika kijiji ambacho wazee wake ni wakali wa desturi? Wengine wamejaribu wakapata aibu. Wengine hawakujaribu kwa kuiogopa aibu hiyo. Mimi nalijaribu, nikapata aibu, nikajaribu tena. Kwa hiyo nataka kueleza mambo niliyojifunza katika milima ya Umatengo, upande wa Mbuji, pamoja na machache niliyoyaona pwani ya Ziwa, nilikofundisha miaka michache kabla ya kurudi milimani.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe, kwa kuwa ugomvi mwingi huanzia hapo. Kiswahili hakina neno moja lililokubaliwa na wote kwa jambo hili. Twasema mchezo wa kuigiza, na kila mtu asikia ndani yake neno kuiga. Wasomi husema tamthilia, neno lenye asili ya Kiarabu, ambalo mzee wa milimani huenda hajapata kulisikia ila kwa mjukuu wake aliyesoma sekondari. Lakini kitenzi tunachokitumia kila siku ni kucheza, nacho ni kitenzi chenye mizigo mingi. Mtoto hucheza na wenzake. Kijana hucheza mpira. Mlevi hucheza kamari. Gurudumu lililolegea nalo hucheza. Mtu akisema, "Usinichezee," amekwisha kukasirika. Mwanamume akisemwa kwamba amemchezea binti wa watu, hapo pana kesi. Tena katika nchi nyingi za kusini na za pwani, mwali akisemwa kwamba amechezwa, maana yake ni kwamba ametiwa unyagoni na kufunzwa mambo ya siri. Neno ngoma nalo ni hivyo hivyo: ni chombo kipigwacho, ni kucheza kwenyewe, ni mkutano wa watu, tena ni ibada za kumtoa mtoto utotoni.

Basi mwalimu akimtuma mtoto nyumbani na habari kwamba wiki ijayo kutakuwa na mchezo shuleni, na wasichana wote watacheza, na ngoma italetwa, yeye afikiri ametoa tangazo jepesi. Baba asikiaye habari hiyo asikia mambo manne au matano kwa pamoja, wala hajui mwalimu amekusudia lipi. Siku hizi sitangazi tena hivyo. Nasema hadithi ya kuimbwa, nami hutaja hadithi ni ipi. Jina hili ni refu, lakini halijaniletea mzazi mlangoni.

Mgeni afikaye katika milima yetu huambiwa upesi kwamba wazee wa huku hushika sana mambo ya zamani. Neno hili ni la kweli kwa nusu. Ni kweli kwamba jambo la mtoto si la baba yake peke yake. Zamani watu wa ukoo mmoja walikula pamoja penye sengu, na baada ya kula walishauriana habari za mashamba na magomvi, na vijana walikaa wakasikiliza. Sengu ya kula kila siku imepungua mno. Lakini namna ile ya kushauriana haijafa, na jambo lililoamuliwa na wakubwa wa ukoo halivunjwi na barua ya mwalimu mkuu.

Lakini si kweli kwamba kila wanachokishika ni cha tangu kale. Tuutazame mganda, ambao mzee yeyote wa Umatengo au wa pwani ya Ziwa atausifu kuwa urithi wake. Ni ngoma ya wanaume. Hujipanga safu kama askari, wamevaa sare, wana vyeo, huenda kwa hatua zilizopimwa. Ngoma kubwa hupigwa, na vibuyu vyenye utando huvumishwa kwa mdomo mahali pa tarumbeta. Wataalamu huuhesabu mganda katika jamaa moja na beni, ngoma iliyotokea miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea bara, hasa kwa askari na watu wengine waliorudi kutoka vita ya 1914 hata 1918. Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya habari hizo mwaka 1975. Basi hii ngoma ya mababu, siku ilipoingia, ilikuwa jambo jipya la vijana waliotembea mbali, na bila shaka wazee wa siku zile waliinung'unikia. Mwaka 2001 mtafiti Stephen Hill aliandika juu ya mganda wa Wamatengo, naye aliuliza katika kichwa cha makala yake kama unakufa. Jambo lililokuwa geni limekwisha kuwa la kale, hata laliliwa.

Tena sehemu ya ukali tunaowasingizia mababu imetoka kanisani mwetu. Wabenedikto walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899. Upande wa Ziwa walikuwapo Waanglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ambao kituo chao kikubwa kilikuwa kisiwani Likoma. Wamisionari wengi wa wakati ule walizikataa ngoma za usiku, wakawafundisha Wakristo wa kwanza kuzikimbia. Hata ndani ya kwaya palikuwa na mpaka: mwaka 1903 Papa Pio wa Kumi aliandika ya kuwa wanawake wasiwe katika kwaya ya liturujia, na sauti za juu ziimbwe na wavulana, ni mwaka 1955 tu Papa Pio wa Kumi na Mbili alipolegeza neno hilo kwa masharti. Kwa hiyo mzee akatazaye binti yake asisimame kuimba mbele ya watu huenda hashiki desturi ya Kimatengo hata kidogo. Ashika mafundisho ya katekista aliyemfundisha babu yake. Mwalimu amwonaye mzee huyo kuwa mjinga wa zamani hajui kwamba abishana na misheni.

Nami hapa nitasema neno la pembeni. Wabenedikto wetu walitoka Mtakatifu Otilia, katika nchi ya Bavaria. Katika nchi hiyo hiyo kuna kijiji kiitwacho Oberammergau, ambacho watu wake waliweka nadhiri mwaka 1633 wakati wa tauni, kwamba wataonyesha Mateso ya Bwana kwa mchezo. Wakaanza mwaka 1634, nao huuonyesha kila baada ya miaka kumi, pamoja na kwaya na wapiga vyombo. Mchezo wa mwaka 2020 uliahirishwa kwa sababu ya maradhi ya korona, ukafanyika mwaka 2022. Wachezaji ni wanakijiji wenyewe. Na kwa miaka mingi sana palikuwa na sheria kwamba mwanamke aliyeolewa, au aliyepita miaka 35, hana ruhusa ya kucheza; ni mwaka 1990 mahakama ilipoiondoa. Kwa hiyo mwalimu asifikiri ya kuwa ni katika vijiji vyetu tu watu huuliza: huyu atasimama pale kama nani, naye ni binti wa nani, ameolewa au hajaolewa? Kila kijiji kinachojijua huuliza hivyo.

Sasa nieleze aibu yangu. Ilikuwa mwaka wangu wa nne wa ualimu, katika shule moja ya milimani nisiyotaka kuitaja. Nalichagua habari ya Mwana Mpotevu, nikiwaza ya kuwa hakuna atakayepinga maneno ya Injili. Nyimbo nalizitunga mwenyewe. Baba, mwana mkubwa, nguruwe, karamu ya mwisho, yote yalikwenda vema. Lakini nalifikiri: nchi ya mbali itaonekanaje bila anasa? Nikawachukua wasichana saba wa darasa la sita na la saba, nikawafundisha hatua za kioda, ambayo wengine huiita kihoda, ngoma ya akina mama. Nikawachukua wavulana, wakaja kwa safu ya mganda. Kisha kila mvulana akamshika msichana mkono, wakazunguka huku mwana mpotevu anawatupia fedha za karatasi. Mazoezi tuliyafanya baada ya masomo, wiki tatu, na mara nyingi jua lilituchwea.

Siku yenyewe padre aliketi mbele, na wazazi walijaa. Wimbo wa nchi ya mbali ulipoanza, watu wakacheka, akina mama waliokuwa nyuma wakapiga vigelegele, nami nikadhani nimefaulu. Ndipo mtu mmoja akasimama katikati ya watu. Hakupiga kelele. Akatembea polepole mpaka uwanjani, akamshika binti yake kifundo cha mkono, akamfungua kitambaa alichofungwa kichwani, akakiweka chini, akaenda naye. Mpigaji ngoma akaacha kupiga. Tukakaa hivyo kitambo. Mwana mpotevu hakurudi kwa baba yake siku ile, maana hakuna aliyeweza kuimba tena.

Jumatatu msichana hakuja shuleni. Wala wiki ile, wala iliyofuata. Alikuwa darasa la saba, na mtihani ulikuwa karibu. Nikaona ya kuwa nimemharibia mtoto masomo kwa ajili ya wimbo mmoja, nikamwendea katekista, tukafuatana naye pamoja na mzee wa ukoo mwingine aliyekubali kutusemea. Baba yule alitupokea, akatupa viti, akaagiza uji. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi si mtu wa kukataa nyimbo. Nimecheza mganda tangu ujana wangu, na mama yake yumo katika kioda. Umenikosea mambo matatu, nawe huyajui."

La kwanza lilikuwa la saa. "Wiki tatu umemrudisha mtoto nyumbani gizani, nami sikuuliza, kwa sababu nilidhani anasoma." La pili lilikuwa la mwenye ngoma. Katika kijiji kile akina mama wa kioda walikuwa na kikundi chao, na kiongozi, na sare waliyoinunua kwa fedha zao. Mimi nalizichukua hatua zao nikawapa watoto, wala sikumwomba mtu. Vile vigelegele nilivyovifurahia vilikuwa vya dhihaka. La tatu ndilo lililomuuma zaidi. "Umemsimamisha mwanangu kuwa mwanamke wa kilabuni. Wewe utahamishwa, utakwenda zako. Yeye atabaki hapa, nao watamwita jina hilo mpaka aolewe, kama ataolewa." Na kweli walikuwa wamekwisha kuanza. Wavulana walimwita Nchi ya Mbali.

Neno hili la tatu walimu wengi hawalijui. Katika mji mkubwa mtu hucheza mwizi leo, na kesho hupanda basi pamoja na watu wasiomjua. Kijijini mchezaji hatengwi na mtu aliyemwigiza. Aliyekuwa Yuda katika mchezo wa Pasaka ataitwa Yuda sokoni, naye akiwa mwanamume mzima atacheka; lakini mtoto wa kike hana kicheko cha namna hiyo. Mzee hakatai wimbo, wala hadithi, wala ngoma. Akataa saa isiyofaa, akataa kitu cha watu kuchukuliwa bila kuombwa, akataa mtoto wake kuvikwa jina asiloweza kulivua. Ningalijua mambo haya mapema, nisingalihitaji kuubadili mchezo wangu sana. Ningaliwaacha wavulana peke yao wawe rafiki wabaya wa mwana mpotevu, mchana, na hadithi isingalipungukiwa kitu.

Msichana alirudi shuleni baada ya wiki tatu, akafanya mtihani. Lakini hakukubali tena kusimama mbele ya watu, hata kusoma somo kanisani.

Tangu hapo nimefuata njia ambayo wakubwa wa ukoo ule waliniagiza: hadithi ipelekwe kwao kabla watoto hawajaisikia. Njia hii si mpya. Kule Masasi, Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Waanglikana tangu mwaka 1926 hata 1944, alishughulika na jambo zito kuliko mchezo wa shule, yaani jando lenyewe. Hakulifuta, aliketi na walimu na wazee, wakatafuta lipi laweza kubaki kwa Wakristo na lipi liachwe, na jando la Kikristo likashika. Kwa upande wa unyago wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi. Sishangai. Mambo ya wanawake yana wenyewe, ambao ni wanawake, nao si rahisi kuketi na padre wakayapanga pamoja naye. Kwa hiyo namwambia mwalimu wa kiume: ikiwa mchezo wako una wasichana, mama mmoja mwenye heshima na awepo tangu siku ya kwanza ya mazoezi, si siku ya kuonyesha tu. Na jambo lolote linalofanana na mafunzo ya jando au unyago, hata wimbo mdogo tu, hata rangi ya kupaka usoni, lisiingie uwanjani kabisa. Usiulize linamaanisha nini. Kule kuuliza kwenyewe ni kosa.

Sasa kuhusu kuchagua. Walimu vijana huniletea michezo ya Ulaya waliyoiona katika simu zao, wakitaka kuitafsiri. Siwakatazi kwa jeuri, maana michezo mingine ilizaliwa shuleni kama yetu. Habari ya Yusufu na kanzu yake ilitungwa na Andrew Lloyd Webber na Tim Rice kwa ajili ya watoto wa shule moja ya London, Colet Court, wakaiimba mara ya kwanza tarehe 1 Machi 1968, nayo ilikuwa fupi mno, chini ya nusu saa. Baadaye ndipo ilipokuzwa ikaenda katika majumba makubwa. Benjamin Britten naye aliitunga Gharika ya Nuhu ili iimbwe na watoto kanisani, ikaonyeshwa Orford mwaka 1958. Kati ya vyombo vyake kuna vikombe vya chai vilivyotundikwa kwa kamba na kupigwa kwa kijiko, ili mtoto asiyejua muziki apate kazi. Hilo la vikombe nimeliiga, nami siogopi kusema hivyo. Lakini kazi hizo zina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mtungaji. Mwalimu asizionyeshe bila ruhusa akidhani ya kuwa Mbuji ni mbali. Hadithi za Maandiko, lakini, ni za wote. Yusufu ni wetu kama alivyo wao.

Tena kuna shida ya lugha, ambayo naiona kubwa kuliko ya sheria. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mstari wa Kiingereza au wa Kijerumani mara nyingi huishia kwa pigo zito katika silabi ya mwisho, na sauti ya muziki imetungwa kulifuata pigo hilo. Ukiyapachika maneno ya Kiswahili juu ya sauti hiyo, mtoto ataimba baba kana kwamba uzito uko mwishoni, na maji, na mkate, na nyumba vivyo hivyo, na bibi aliyeketi nyuma hatafahamu kitu. Mahali pengine maana yenyewe hugeuka. Neno barabara, ukilikaza katika silabi ya pili, ni sawasawa. Ukilikaza katika ya tatu, ni njia kuu. Nyimbo nyingi za vitabu vyetu vya zamani zina kasoro hii. Tumezizoea tu, hata hatuzisikii tena. Na Kimatengo ni lugha ya kupandisha na kushusha sauti, ndiyo maana sauti ya kigeni hukiumiza zaidi. Shauri langu ni hili: mwambie mtoto aseme mstari huo kwa sauti kubwa kama amwitaye mtu ng'ambo ya bonde, kisha usikilize sauti yake inapanda wapi na inashuka wapi. Wimbo umo humo. Padre Stefano Mbunga wa Peramiho aliandika kitabu mwaka 1963 juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, na mwaka huo huo Mtaguso wa Vatikano uliagiza muziki wa mataifa upewe heshima yake. Hakuna padre leo awezaye kusema ya kuwa wimbo wetu umekatazwa kwa kuwa ni wetu.

Katika kuchagua hadithi, msomaji asidhani kwamba ya Biblia ni salama kwa sababu ni ya Biblia. Habari ya Yusufu ina mke wa Potifa. Esta ameingizwa nyumbani kwa mfalme pamoja na wanawali wengi. Mahali kama hapo msimulizi asimame aseme maneno mawili matatu, na hadithi iendelee. Hadithi za sungura na fisi ni nzuri kwa watoto wadogo, ila mtungaji ajihadhari na fumbo. Watu wetu wamezoea kutafuta mtu nyuma ya mnyama, kwa kuwa katika ngoma za mashindano nyimbo za kusutana ni jambo la kawaida. Ukimweka fisi mwenye kitambi, mwenye duka atanuna; ukimfanya jogoo awe mtawala, watauliza ni yupi. Wakubwa nao huuliza hivyo. Byron Kawadwa wa Uganda alitunga mchezo wa nyimbo kwa Kiganda, Oluyimba lwa Wankoko, yaani wimbo wa jogoo, na watu waliona ndani yake habari za utawala. Ulipelekwa Lagos katika sherehe kuu ya sanaa za watu weusi mwaka 1977, na mwaka uo huo Kawadwa akauawa katika siku za Idi Amin. Mwalimu wa kijiji hatafikwa na hayo. Lakini yafaa akumbuke ya kuwa wasikilizaji wake huutafsiri wimbo wake wenyewe, tena huenda wakapata maana asiyoiweka.

Juu ya majira nitasema kwa kifupi, ingawa makosa mengi hutokea hapa. Milimani mwezi wa Machi ni wa kuchimba ngolo na kupanda maharage, na kazi hiyo ni ya akina mama na mabinti. Kuanzia Juni ni kuchuma kahawa, tena baridi ni kali, na mtoto mwenye shati moja hasimami uwanjani jioni. Mimi hungoja mpaka darasa la saba wamalize mtihani, na kahawa imekwisha kuanikwa, na mvua kubwa hazijaanza. Kule Ziwani, Liuli au Lituhi au Mbamba Bay, hesabu ni nyingine. Wavuvi wa usipa huvua usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, nao hukaa nyumbani. Kwa hiyo onyesho la pwani na liwe siku za mwezi mpevu, ama sivyo utawaimbia akina mama peke yao, kisha akina baba watauliza kwa nini hawakuitwa. Na kote kote, mazoezi yawe mchana. Nikikosa nafasi mchana, naufupisha mchezo.

Mavazi na yawe yale ambayo mtoto angeenda nayo kanisani, na kitambaa kimoja cha kumpambanua. Walimu wengine hukwepa shida ya wasichana kwa kuwavika wavulana magauni. Kule Uingereza wa zamani ndivyo ilivyokuwa; huku sijaona faida yake. Watu hucheka mahali pasipo pa kucheka, na mvulana naye hupata jina, kama nilivyosema. Heri wasichana wawe kwaya, wasimame upande mmoja na kuibeba hadithi kwa sauti, na wavulana waicheze. Vijana wangu wa kisasa huona ya kuwa hivi nawanyima wasichana sehemu nzuri. Huenda wana haki. Lakini katika mchezo wa nyimbo anayeimba ndiye mwenye hadithi, na kwa miaka hii nimeona wasichana wa kwaya wakiujua mchezo wote kwa moyo, huku mvulana aliyekuwa Farao hajui ila maneno yake mwenyewe.

Mchezo wangu wa pili katika shule ile ile ulikuwa wa Yusufu, miaka miwili baada ya aibu. Niliupeleka kwanza kwa wakubwa, nikawasomea habari yote pale tulipoketi, nikawaimbia nyimbo mbili kwa sauti yangu mbaya. Walibishana sana, lakini si juu ya jambo nililoliogopa. Walibishana juu ya shimo. Nalikuwa nimepanga ndugu zake wamtupe Yusufu katika shimo la ngolo kando ya uwanja, maana lilikuwa tayari. Mzee mmoja akasema, "Mwalimu, hata mbuzi hutoka katika ngolo. Watu watakuuliza kwa nini Yusufu hakutoka." Wakaamua tumweke nyuma ya mkeka uliosimamishwa, na sauti yake itoke chini. Akina mama wa kioda nao walipoombwa walitupa wimbo mmoja, si hatua. Wakachagua wenyewe wa kutupa, nao ulikuwa wa maombolezo, ukafaa sana pale Yakobo aoneshwapo kanzu yenye damu. Baba yule wa kwanza alikuja. Alisimama mbali, karibu na miti ya kahawa, na mdogo wake yule msichana alikuwa katika safu ya mbele ya kwaya.

Ngoma kubwa tuliiazima kwa kiongozi wa mganda, naye alitaka irudi kabla ya Jumapili, kwa sababu walikuwa na mashindano na kijiji cha jirani. Tuliirudisha Jumamosi jioni. Ngozi ilikuwa imelegea kidogo kwa umande, akaipiga mara mbili akisikiliza, akatikisa kichwa, nami nikamlipa.